Jenerali Anaposhika Kalamu: Vita vya Maziwa Makuu na Wanaoviandika

Mhadhara wa wazi, Goma, Kivu Kaskazini



Mada yangu ni jenerali mstaafu anayegeuka mwandishi. Duniani jambo hili si geni. Mtu analitumikia jeshi miaka thelathini au arobaini, anakabidhi kikosi, anavishwa medali, anaanza kupokea pensheni, kisha anajifungia chumbani na karatasi. Wengi huandika historia ya vita walivyopigana. Wachache huenda mbele zaidi wakatunga hadithi. Lew Wallace, aliyekuwa jenerali katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ndiye aliyeandika riwaya ya Ben-Hur mwaka 1880. John Hackett, jenerali wa Uingereza, alistaafu na mwaka 1978 akatoa kitabu cha kubuni juu ya vita vya tatu vya dunia.

Kwa nini tulizungumze hapa Goma? Kwa sababu eneo letu limeandikwa sana na watu wenye vyeo. Tangu mwaka 1914 majeshi ya nchi nyingi yamepita kati ya ziwa hili na volkeno ile, na baadhi ya makamanda wao walirudi kwao wakaandika. Vitabu vyao viko maktaba za Brussels, Paris na Montréal, na mtu anayetaka kujua yaliyotokea Kivu huanzia hapo. Neno nililokuja kulisema ni hili: kitabu cha jenerali ni ushahidi wa mtu mmoja aliyesimama mahali pa juu. Kina thamani kubwa kikijibiwa na mashahidi wengine, na kinapotosha kikiachwa kiseme peke yake. Sisi tumeviacha viseme peke yake kwa muda mrefu mno.

Ubao wa Jenerali Janssens

Tuanze na jeshi lililozaa majeshi yetu. Force Publique iliundwa enzi za Leopold II, katika miaka ya 1880. Ilipofika mwaka 1960 ilikuwa na askari wapatao 25,000, na maofisa wake walikuwa Wabelgiji. Mkongo aliweza kufika usajini, na wachache uadjudanti, na hapo ngazi ikakatika. Aliyeliongoza jeshi hilo siku ya uhuru alikuwa Luteni Jenerali Émile Janssens, mtu wa nidhamu ya chuma, aliyelipenda jeshi lake kwa namna ya baba asiyetaka watoto wakue.

Asubuhi ya tarehe 5 Julai 1960, siku tano tu baada ya sherehe za uhuru, Janssens aliwakusanya maofisa na masajini mjini Léopoldville, Kinshasa ya leo. Manung'uniko yalikuwa yamezagaa kambini. Wanasiasa wamekuwa mawaziri, makarani wamekuwa wakuu wa idara, na sajini bado anampigia saluti luteni wa Kibelgiji mwenye umri wa mwanawe. Jenerali alichukua chaki, akaandika ubaoni kwa Kifaransa maneno haya: kabla ya uhuru = baada ya uhuru. Kwa maoni yake alikuwa anaeleza kanuni ya jeshi lolote duniani, kwamba amri haibadiliki kwa sababu bendera imebadilika. Masajini walisoma jambo jingine kabisa. Siku ileile uasi ulianza katika kambi ya Léopold II, ukaenea hadi Thysville, ambayo leo ni Mbanza-Ngungu. Ndani ya siku chache Janssens aliondolewa, Victor Lundula akapandishwa kuwa jenerali, na mnadhimu mkuu wake akawa Joseph-Désiré Mobutu, sajini wa zamani aliyekuwa ameacha jeshi akawa mwandishi wa habari.

Janssens alirudi Ubelgiji. Inajulikana kwamba alikwenda mbele ya sanamu ya Leopold II mjini Brussels, akamlalamikia mfalme yule wa shaba kwamba kazi yake imeharibiwa. Kisha akaanza kazi yake ya pili. Mwaka 1961 alitoa kitabu cha kumbukumbu alichokiita J'étais le général Janssens, yaani "Nilikuwa Jenerali Janssens". Mwaka 1979 akatoa Histoire de la Force Publique, historia ya jeshi alilolipoteza.

Nawaomba wanafunzi mnisikilize vizuri hapa, kwa maana ni rahisi kumcheka mtu huyu na kumweka kando. Tusifanye hivyo. Janssens alilijua jeshi lile kwa ndani: vikosi, kambi, safari za vita vya Tabora mwaka 1916 na vya Saio, Uhabeshi, mwaka 1941. Mtafiti wa jeshi la Kongo hawezi kumruka. Lakini kitabu cha aina hii kina mpaka wake. Kinaweza kutueleza jenerali aliandika nini ubaoni na kwa nini. Hakiwezi kutueleza sajini aliyekaa benchi la tatu alisikia nini moyoni alipoyasoma maneno yale, alimwambia nini mkewe jioni ile, na ni saa ngapi aliamua kwamba hatatii tena. Nusu hiyo ya historia ilikuwa kwa masajini, na wengi wao wamekwenda nayo kaburini.

Naye yule mwandishi wa habari aliyerithi jeshi? Mobutu alijua nguvu ya maandishi kuliko makamanda wote waliomtangulia, na kwa miaka thelathini na miwili ya utawala wake ofisa aliyetaka kuandika ukweli wa vita vya Kwilu, vya Stanleyville au vya Shaba alikuwa anacheza na roho yake. Basi ukimya wa wazee wetu una sababu. Hawakuzaliwa bila maneno.

Uwanja wa ndege mmoja, vitabu vitatu

Sasa tuje nyumbani. Kuanzia tarehe 22 Juni hadi 21 Agosti 1994 Ufaransa iliendesha Operesheni Turquoise kwa idhini ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Makao yake makuu yalikuwa hapa, kwenye uwanja wetu wa ndege, chini ya Jenerali Jean-Claude Lafourcade. Wengi mliomo humu mnaikumbuka ngurumo ya ndege zile.

Lafourcade alistaafu, na mwaka 2010 akatoa kitabu cha kuitetea operesheni yake. Anasema vikosi vyake vilikuja kuokoa maisha, na kwamba heshima ya askari wake imechafuliwa bure. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya kalamu ya jenerali mstaafu: kujibu mashtaka. Ana haki ya kujibu, na tunahitaji jibu lake liwe limeandikwa, kwa sababu neno lililoandikwa linaweza kupimwa.

Kitabu cha pili ni cha mtu wa cheo cha chini zaidi. Guillaume Ancel alikuwa ofisa kijana katika operesheni ileile, mtaalamu wa kuongoza mashambulizi ya ndege kutoka ardhini. Alifika cheo cha luteni kanali, akaacha jeshi, na mwaka 2014 akachapisha riwaya aliyoiita Vents sombres sur le lac Kivu, "Pepo za giza juu ya Ziwa Kivu". Miaka minne baadaye, mwaka 2018, aliyasema mambo hayo bila pazia katika kitabu cha ushahidi, Rwanda, la fin du silence. Anadai kwamba amri za mwanzo alizopewa zilikuwa za kupigana, wakati dunia iliambiwa ni kazi ya kibinadamu tu, na kwamba silaha zilipitishwa kuelekea kambi za wakimbizi upande wetu wa mpaka. Baadhi ya wakuu wake wa zamani wanampinga vikali. Mwezi Machi 2021 tume ya wanahistoria iliyoongozwa na Vincent Duclert ilimkabidhi Rais wa Ufaransa ripoti iliyosema kwamba nchi yake ilibeba dhamana nzito kwa yaliyotokea Rwanda. Mjadala haujaisha, lakini tazameni ulikofika: jenerali ameandika, ofisa wa chini yake ameandika kinyume, wanahistoria wamefunguliwa makabati. Mtoto wa Kifaransa anayetaka kujua ana mahali pa kupimia.

Kitabu cha tatu ni cha Roméo Dallaire, jenerali wa Kanada aliyeongoza kikosi cha Umoja wa Mataifa Rwanda mwaka 1994. Huyu aliomba askari zaidi. Badala yake, tarehe 21 Aprili, katikati ya mauaji ya kimbari, Baraza la Usalama liliamua kikosi chake kipunguzwe hadi watu 270. Aliporudi Kanada akaugua akili, na amelieleza hilo hadharani bila kujificha. Mwaka 2003 alitoa Shake Hands with the Devil, ambamo anasimulia kushindwa kwa dunia na kushindwa kwake yeye mwenyewe. Mwaka 2010 akatoa kitabu kingine, juu ya watoto wanaofanywa askari, na humo akafanya jambo ambalo majenerali hawalifanyi mara nyingi. Katikati ya hoja na takwimu aliweka sura za kubuni. Anamfuata mtoto anayenyakuliwa kwao na kutiwa bunduki mkononi, na anamfuata mlinda amani anayekutana na mtoto huyo na kulazimika kuamua kwa sekunde chache.

Kwa nini jenerali mwenye kumbukumbu, ramani na ripoti za kila siku aliona haja ya kubuni? Kwa sababu ripoti ya kijeshi haina mahali pa kuandika anachohisi mtoto. Ina saa, mahali, idadi ya waliouawa na risasi zilizotumika. Dallaire alikuwa ameandika ripoti maisha yake yote na alijua mwisho wake uko wapi. Ancel naye alianzia kwenye riwaya kabla ya ushahidi, na yeyote aliyewahi kula kiapo cha jeshi anaelewa: kuna siri za kazi, kuna wenzako walio hai, kuna familia za waliokufa. Riwaya inampa mtu nafasi ya kusema jambo la kweli kabla hajawa tayari kutaja majina.

Jiwe la Goma

Pamoja na hayo, ninapovisoma vitabu hivi natafuta jambo moja, na kila mara nalikuta dogo mno. Natafuta Goma yenyewe.

Katikati ya Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi waliingia mji huu ndani ya siku chache. Kipindupindu kikalipuka. Wataalamu wa afya waliokuwa hapa walikadiria kwamba karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza. Maiti zilivingirishwa kwenye mikeka na mablanketi, zikapangwa kandokando ya barabara. Haikuwezekana kuchimba makaburi kwa jembe wala kwa sululu, kwa maana ardhi yetu ni jiwe la volkeno, na ikabidi tingatinga za jeshi la Ufaransa zipasue mashimo. Wageni waliliandika jiwe lile kama tatizo la uhandisi. Kwa mwenyeji wa Goma lilikuwa ni jiwe lilelile alilojengea nyumba na ukuta wa uani. Nani ameandika habari za familia zilizogawana maji na wageni wale ilhali zilijua ugonjwa uko ndani ya maji? Nani ameandika habari za vijana waliobeba maiti kwa mikono? Yamesimuliwa mara elfu katika nyumba zetu. Yameandikwa mara chache sana.

Turudi nyuma zaidi. Mwaka 1916, kutoka Kibati, pale kaskazini mwa mji, brigedi ya Kanali Molitor ilijipanga kuivamia Rwanda iliyokuwa ya Wadachi, yaani Wajerumani, chini ya amri kuu ya Jenerali Charles Tombeur. Tarehe 6 Mei waliingia Kigali. Tarehe 19 Septemba majeshi ya Tombeur yakaingia Tabora. Tombeur akapewa ubaroni, na jina la Tabora likaunganishwa na lake. Upande wa pili, Paul von Lettow-Vorbeck aliendelea kupigana hadi Novemba 1918. Mwaka 1920 akawa ameachana na jeshi, na mwaka huohuo akatoa vitabu viwili: kumbukumbu nzito kwa watu wazima, na Heia Safari!, simulizi la kusisimua kwa vijana wa Kijerumani. Kwa kalamu yake alijijengea sifa ya kamanda asiyeshindika, mpendwa wa askari wake weusi, na sifa hiyo ilidumu Ulaya kwa miongo mingi.

Nani alibeba risasi kutoka Kibati hadi Tabora? Wanahistoria wanakadiria kwamba upande wa Kongo peke yake watu zaidi ya 200,000 walitumikishwa upagazi katika vita vile. Walikufa kwa njaa, kwa baridi ya milimani na kwa kuhara, wengi bila kufyatuliwa risasi hata moja. Hakuna aliyewapa ubaroni. Katika vitabu vya makamanda wanatokea kama idadi: mizigo kadhaa, wapagazi kadhaa.

Waliojibu

Msidhani kwamba nawaletea kilio tu. Afrika yetu ya Mashariki na Kati imetoa watu waliojibu, na mifano yao inatufundisha kazi.

Wa kwanza ni Waruhiu Itote wa Kenya. Alipigana Burma katika jeshi la Waingereza, akarudi, akaingia msitu wa Mlima Kenya kupigana upande wa Mau Mau, akaitwa Jenerali China. Alikamatwa Januari 1954, akahukumiwa kifo, kisha hukumu ikabadilishwa. Gerezani Lokitaung, katika jangwa la Turkana, alikuwa pamoja na Jomo Kenyatta, na Kenyatta ndiye aliyemfundisha Kiingereza. Ian Henderson, ofisa wa polisi aliyemhoji, alikuwa tayari ametoa kitabu chake mwaka 1958 juu ya kumsaka Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau. Itote alitoa chake mwaka 1967, 'Mau Mau' General, na kingine mwaka 1979. Fikirini hilo: jenerali wa msituni anajifunza lugha ya aliyemfunga, ndani ya jela, kisha anaitumia lugha hiyo kumjibu. Tangu hapo hakuna mwanachuoni anayeweza kuandika habari za Mau Mau kwa neno la Henderson peke yake.

Wa pili ni Pecos Kutesa wa Uganda, aliyefika cheo cha meja jenerali. Mwaka 2006 alisimulia vita vya msituni vya nchi yake kama alivyoviona, na kichwa cha kitabu chenyewe kinakiri kwamba ni macho ya mtu mmoja. Kabla yake, mwaka 2002, Bernard Rwehururu, aliyekuwa ofisa wa Idi Amin, alikwisha kutoa kitabu chake, Cross to the Gun. Waganda leo wanaweza kusoma ofisa wa upande huu na ofisa wa upande ule.

Wa tatu ndiye ninayempenda kuliko wote, ingawa umaarufu wake katika vitabu hautokani na simulizi lake mwenyewe. Brigedia Jenerali Hashim Mbita, mzaliwa wa Tabora, mji uleule wa Tombeur, alianza maisha kama mwandishi wa habari na akawa katibu wa habari wa Mwalimu Nyerere. Kuanzia mwaka 1972 hadi 1994 alikuwa Katibu Mtendaji wa Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Dar es Salaam. Msumbiji, Angola, Zimbabwe, Namibia na Afrika Kusini zote zilipita mezani kwake. Mtu kama huyo angeweza kuandika kitabu kimoja kinene cha kujisifu, na tungekinunua. Badala yake alitoa jina na juhudi zake kwa mradi wa nchi za SADC wa kukusanya nyaraka na masimulizi ya ukombozi kutoka kwa viongozi, wapiganaji na wanakijiji waliowaficha wapiganaji. Ulitoka mwaka 2014 kwa majuzuu tisa, chini ya uhariri wa Arnold Temu na Joel das Neves Tembe. Mbita aliyaona kabla ya kufariki Aprili 2015.

Angalieni watu wawili hawa, Mobutu na Mbita. Wote walipitia uandishi wa habari na wote walivaa nyota za jenerali. Mmoja aliufunga mlango wa kumbukumbu za nchi yake. Mwingine alitumia miaka yake ya mwisho kuufungua. Cheo hakimwamulii mtu atafanya nini na kalamu.

Nasi Wakongomani tuna wetu. Mwaka 1965, huko Lubumbashi, André Yav aliandika kwa Kiswahili cha Katanga historia ya mji huo, ulioitwa wakati huo Élisabethville, kwa niaba ya chama cha watu waliokuwa maboyi katika nyumba za Wazungu. Aliandika kama wazee walivyozungumza, bila kumwomba ruhusa mtaalamu yeyote. Leo kijitabu chake kinasomwa katika vyuo vikuu duniani. Yav hakuwa jenerali wala sajini. Alikuwa na kumbukumbu, lugha yake na ujasiri wa kuviweka kwenye karatasi.

Kuhusu vita, Kiswahili hakijawahi kuwa bubu. Hemedi bin Abdallah alitunga utenzi juu ya Wadachi walipouteka Mrima. Shaaban Robert alitunga utenzi wa Vita vya Pili vya Dunia, na Henry Muhanika wa vita vya Kagera. P. M. Kareithi alitoa riwaya ya Kaburi bila Msalaba, juu ya Mau Mau, mwaka 1969. Chombo tunacho, tena cha zamani, nacho kilifanya kazi hii kabla mpaka wa Goma na Gisenyi haujachorwa.

Ushauri kwa wazee wastaafu

Sasa naongea na ninyi wazee mliovua sare. Mmelitumikia taifa chini ya majina mengi ya jeshi: ANC, FAZ, FAC, FARDC. Wengine mlikuwa katika makundi yaliyolipinga jeshi hilo. Mji huu uliingia mikononi mwa waasi wa M23 Novemba 2012, na tena mwishoni mwa Januari 2025. Vitabu juu ya siku hizo vitaandikwa. Vingine vimeshaanza kuandikwa, mbali na hapa. Nawaomba msisubiri mpaka mgeni aje na kinasa sauti.

Anzeni na siku moja. Msianze na "historia ya vita vya Kongo", mtazama. Chagua siku moja unayoikumbuka kuliko zote: mahali, saa, nani alikuwa kulia kwako, chakula gani kililiwa, amri ilitoka kwa nani na ilifikaje. Tenga waziwazi ulichokiona kwa macho na ulichokisikia kwa redio au kwa wenzako. Msomaji atakuamini zaidi ukimwambia "hili niliambiwa" kuliko ukijifanya ulikuwa kila mahali.

Msiyafiche makosa ya upande wenu. Kitabu cha jenerali ambacho kila kosa ndani yake ni la mwingine hakimshawishi mtu. Dallaire anaaminiwa kwa sababu anaanza na kushindwa kwake.

Anayechagua riwaya asidhani amechagua njia nyepesi. Hadithi ya kubuni ni maficho mazuri kwa mwongo: anaweza kuwapa watu wake ushujaa wote na adui uovu wote, na hakuna wa kumdai ushahidi. Kipimo changu ni kimoja. Je, adui katika riwaya yako ana jina? Ana mama anayemngoja? Kama hana, hiyo bado ni hotuba ya kambini.

Linda walio hai. Shahidi aliyekwambia siri kwa kukuamini, mwanamke aliyeumizwa, mtoto aliyetoroka kikosini, majina yao si mali yako. Yabadilishe, na useme kwamba umeyabadilisha.

Na hifadhini nakala zaidi ya mahali pamoja. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji huu, ikateketeza nyumba na kila karatasi iliyokuwamo. Vita navyo vinachoma. Nakala moja ibaki nyumbani, nyingine kwa ndugu aliye mji mwingine, ya tatu katika maktaba ya chuo kikuu. Kama kuna mambo ambayo leo hayawezi kusomwa, weka bahasha yenye sharti: isifunguliwe mpaka mwaka fulani. Maktaba duniani zinakubali sharti kama hilo. Asiyeweza kuandika kwa mkono azungumze, na mjukuu arekodi kwa simu, kisha aandike neno kwa neno, kwa Kiswahili kilekile cha Goma ambacho mzee anakitumia, bila kukisafisha.

Nanyi wanafunzi wa historia, kazi yenu ni kuvisoma vitabu vya majenerali na kuvijibu. Kila mkisoma ukurasa unaosema "kikosi kilisonga mbele kilomita ishirini", tafuteni kijiji kilichokuwa katika kilomita hizo, nendeni mkaulize. Mkikuta idadi ya wapagazi, tafuteni jina la mmoja. Mpeni jenerali heshima ya kumsoma kwa makini, kisha mmlinganishe na mjane wa mtaa wa Katindo, na dereva aliyebeba majeruhi, na mama muuza samaki aliyeviona vikosi vikiingia na vikitoka. Historia ya vita vyetu itakuwa imeandikwa siku vitabu hivyo vyote vitakapokaa kwenye rafu moja.

Wazee wangu, miaka ya kustaafu ni michache, na kumbukumbu haingoji. Mlipokuwa kazini mlisaini amri na ripoti nyingi, na nyingi kati ya hizo hazikuwa na nafasi ya ukweli wote. Leo hakuna anayewaamuru. Nunueni daftari wiki hii, andikeni siku moja, mlete tuisome.